Nyau, Paka na Kilio

Mtoto wa Ikuti huzijua sauti za paka kabla hajalijua jina lake. Kata hiyo imo katika wilaya ya Rungwe, kwenye miinuko ya Tukuyu ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, migomba husongamana hadi mlangoni na ukungu hushuka kabla jua halijazama. Mahindi yakivunwa hupandishwa darini juu ya meko, moshi uyakaushe, na panya huyafuata huko huko. Kwa hiyo paka wa Ikuti si pambo la barazani. Ana kazi yake, na kazi hiyo aghalabu huifanya gizani, mahali ambapo watu wa nyumba hawamwoni ila humsikia.

Sauti hiyo ya gizani husemwa kwa lugha mbili. Penye meko, kwa Kinyakyusa, kitendo cha paka ni *ukulila*. Shuleni, kwa Kiswahili, ni *kulia*. Msikilizaji asiye na haraka atatambua mara moja kwamba hayo si maneno mawili bali ni neno moja lililopita njia mbili. Wanaisimu wamelirudisha kwenye mzizi wa kale wa lugha za Kibantu wenye maana ya kulia na kutoa sauti. Wachewa husema *lira*, Wagikuyu *rĩra*, Wazulu *lila*. Kiswahili ndicho kilichopoteza kitu: baina ya irabu mbili, *l* ya kale ilinyauka kama jani la kiangazi. Ndiyo maana Mnyakyusa husema *injala* na mtu wa pwani husema njaa. Yule husema *ifula*, huyu husema mvua. Mwalimu anayemwambia mtoto wa Rungwe kwamba Kiswahili chake kina "lafudhi ya kwao" angefaa akumbuke kwamba, katika maneno haya, kwao ndiko kulikohifadhi umbo la kale, na aliyeliacha ni mtu wa pwani.

Basi neno ni hilo. Ajabu yake imo katika upana wa maana. Kiswahili si lugha fukara wa vitenzi vya sauti za wanyama: mbwa hubweka, jogoo huwika, simba hunguruma. Lakini paka, mnyama anayelala miguuni petu, hakupewa kitenzi chake. Hulia tu, kama mbuzi, kama njiwa, kama kengele na ngoma, na kama mtoto mchanga na mama aliyefiwa. Mfaransa ana *miauler*. Mwingereza ana *mew*. Mwarabu ana kitenzi *maa-a*, na nomino yake *muwaa*. Waswahili walipokea maelfu ya maneno kutoka Kiarabu, ya sheria, ya ubaharia, ya mapishi na ya hesabu, wala hawakulichukua hilo. Wanamjua vyema Abu Hurayra, sahaba aliyepokea hadithi nyingi za Mtume, na masheikh huwaeleza wanafunzi kwamba lakabu yake maana yake ni baba wa kipaka. Hata hivyo *hirra* haikuingia jikoni, wala *qitt*. Paka alibaki paka, na kilio chake kikabaki kilio.

Lipo lakini jina la sauti yenyewe, nalo ni *nyau*. Neno hili lina tabia ya pekee kwa kuwa ni mlio na ni mnyama. "Paka analia nyau," husema mtu, na mwingine, "Mfukuze nyau huyo." Wagikuyu humwita paka *nyaũ*. Katika Kilingala, huko Kongo, ni *niawu*. Mbali kabisa na hapa, Wamisri wa kale waliandika jina la paka kwa sauti zinazokadiriwa kuwa *miu*, na Wachina hadi leo husema *mao*. Anayeona mfanano huu huweza kushawishika kuchora njia ya misafara kutoka mto Naili hadi mlima Rungwe, paka akiwa amebeba jina lake mgongoni. Ushawishi huo ni wa kukataliwa. Jina kama hili halihitaji msafara. Kila penye paka na mtu mwenye masikio, laweza kuzaliwa upya.

Sababu yake imo mdomoni mwa paka mwenyewe. Anapoanza kulia, mdomo umefungwa au unakaribia kufunguka; kisha hufunguka wazi; kisha hujifunga taratibu. Mwanadamu anayeufuata mwendo huo kwa mdomo wake atapata sauti ya puani mwanzo, *a* katikati, na *u* mwisho. Tofauti ya lugha huonekana katika hiyo sauti ya kwanza. Mzungu huanza na *mi*. Mbantu huanza na *ny*, na hakuichagua kwa bahati. Masikio yake yamezoea kusikia *ny* mwanzoni mwa majina ya viumbe: nyani, nyati, nyoka, nyuki, nyumbu, nyigu, nyangumi, na neno lenyewe nyama, ambalo zamani lilimaanisha mnyama mzima kabla ya kuwa kitoweo. Katika mengi ya maneno hayo, *ny* ni mabaki ya kiambishi cha ngeli, yule bawabu wa kale wa sarufi ya Kibantu. *Nyau* lilifika mlangoni likiwa limevaa sare ya wenyeji, nalo likapita bila kuulizwa. Paka alilia, na kilio chake kikasikika kama jina lililokwisha pata ngeli.

Mwaka 1916 yalichapishwa mafunzo ya Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Geneva, yaliyofundisha kwamba baina ya neno na kitu hapana uhusiano wa asili, ila mapatano ya watu. Alilijua pingamizi la maneno yanayoiga sauti, akalijibu kwamba hayo nayo ni machache na kila lugha huyaiga kwa desturi yake. Alisema kweli kwa nusu. Desturi ndiyo iliyochagua *ny* badala ya *m*, lakini haikumzuia paka kuleta *a* na *u* zake. Tena, kuyaita machache ni hukumu ya mtu aliyezikulia lugha za Ulaya. Katika lugha za Kibantu maneno ya namna hii ni taifa zima, lenye desturi zake za kutamkwa na kukaa katika sentensi. Ndiyo maana mwaka 1935 Clement Doke, aliyekuwa akifundisha Johannesburg, alilazimika kuyatafutia istilahi ya peke yake. Kwa Kiswahili huitwa viigizi, au tanakali za sauti: chubwi! pu! kacha! Mzee asimuliaye hadithi akinyimwa maneno hayo, hubaki kama mpiga ngoma aliyefungwa mikono.

Hata hivyo, kufanana kwa sauti ni mtego wa kudumu, na mwenye kupenda asili za maneno hunaswa mara kwa mara. Mfano upo karibu na Rungwe. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, na katika nchi hiyo Wachewa wana chama cha siri kiitwacho Nyau, chenye ngoma ya vinyago, Gule Wamkulu, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Chama hicho hakikuitwa kwa mlio wa paka. Kitenzi *nyauka*, kilichotumika hapo juu kwa jani na kwa *l* ya kale, nacho hakina paka ndani yake. Maneno hukutana sura bila ya kuwa ndugu, kama watu wawili wafananao walioketi kwenye jahazi moja.

Mtego mkubwa zaidi umo katika *paka* yenyewe. Ni rahisi kusema kwamba paka ameitwa hivyo kwa sababu hujipaka miguuni mwa watu, mithili ya apakaye mafuta. Maelezo hayo ni matamu, na utamu wake ndio unaoyatia shaka. Sikio la Unguja, la Mvita na la Lamu huyakataa kabla ya akili, kwa kuwa maneno haya mawili hayatamkwi sawa. Apakaye rangi huitoa *p* kavu. Amwitaye mnyama huitoa *p* yenye pumzi, na mtu akiweka kiganja mbele ya midomo ataihisi. Tofauti hiyo ni ile ile iliyopo baina ya paa wa mwituni na paa la nyumba. Tahajia sanifu haikuipa alama, hivyo watoto wa bara hujifunza maneno yote mawili kwa *p* moja, na huko Ikuti mchezo huu wa pumzi hauna maana kwa wengi.

Pumzi hiyo ni alama ya kaburi. Palikuwa na sauti ya puani mbele ya *p*, ikafa, ikaacha pumzi. Mchewa angali nayo, kwani humwita paka *mphaka*. Wazulu wana *impaka*, na kwao jina hilo hubeba pia maana ya paka wa mwitu na ya mnyama atumwaye na wachawi. Waganda husema *kkapa*, na yamkini silabi zao zimebadilishana viti. Neno lililotapakaa hivyo, kutoka maziwa makuu hadi kusini mwa bara, ni la kale kuliko desturi ya kupaka mafuta miguuni mwa mwenye nyumba. Huenda lilimtaja kwanza paka wa porini, jamaa wa mondo na kanu. Huyu ni yule ambaye sayansi humwita *Felis lybica*, naye yumo Afrika ya Mashariki tangu hapo, bila kuletwa na mtu.

Paka wa nyumbani ni mzao wa huyo huyo. Uchunguzi wa urithi wa damu uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani walitokana na wale wa Mashariki ya Karibu, palipoanza kilimo cha nafaka, na kaburi moja la Cyprus lenye mtu na paka wake limekadiriwa umri wa miaka 9,500. Kisa ni kile kile cha dari la Ikuti: nafaka ilimvuta panya, panya akamvuta paka. Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa na uhai zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wachimbuaji wamekuta mifupa ya panya mweusi, mgeni aliyekuja na vyombo vya bahari. Chombo chenye panya hakikosi sababu ya kuwa na paka. Jambo la kupendeza ni kwamba mgeni huyu alipowasili hakuhitaji kutafutiwa jina. Wenyeji walimtazama, wakamsikiliza, wakampa jina la jamaa yake wa porini.

Zipo sauti nyingine. Mwaka 1944 Mildred Moelk, mtafiti wa Marekani, alizitenga sauti za paka wa nyumbani kuwa aina 16, akazipanga kwa namna mdomo unavyokuwa: umefungwa, unafunguka kisha unafungika, au umeachwa wazi kwa nguvu. Kiswahili hakina maneno 16. Paka aliyekasirika hupiga pumzi kama nyoka, husema watu; akizidi, hunguruma, kitenzi alichoazimwa na simba. Na akiwa ameridhika, pajani kwa bibi, hukoroma.

Hapa Waswahili walipatia zaidi ya walivyojua. Kukoroma ni sauti ya mtu aliyelala, na neno hilo laonekana kuwa ndugu wa *koromeo*. Lugha imeutaja mlango ambamo sauti hutoka. Wataalamu walibishana muda mrefu kama mtetemo huo huhitaji ubongo kuamrisha misuli bila kukoma. Hata mwaka 2023 watafiti wa Vienna wakaonyesha kwamba koromeo la paka, lenye vijungu vya nyama ndani ya nyuzi zake za sauti, laweza kutoa mngurumo huo mzito kwa kupitishiwa hewa tu, pasipo amri. Bibi wa kijijini aliyesema "paka anakoroma" alikuwa amekwisha kupanga sauti hiyo mahali pake.

Kinyakyusa nacho kina hazina yake ya sauti, lakini njia iliyopitia hadi karatasini ilikuwa nyembamba. Wamisionari Wajerumani, wa Moravian na wa Berlin, walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1899 Schumann alichapisha muhtasari wa sarufi ya lugha waliyoiita Konde. Kamusi kubwa ya Knut Felberg, ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili, ilitoka Dar es Salaam mwaka 1996, na uchambuzi mpana wa vitenzi, kazi ya Bastian Persohn, ulitoka mwaka 2017. Wote hao wanastahili shukrani. Lakini mwandishi wa sarufi hutafuta nomino na kitenzi, na mhubiri hutafuta neno la dhambi na la rehema. Nani aliketi hadi usiku kuuliza paka wa darini husemaje akimkosa panya? Zaidi ya hayo, Kinyakyusa kina irabu saba, fupi na ndefu, na anayekiandika kwa herufi tano za Kiswahili hupoteza mbili tangu mstari wa kwanza. Neno la kawaida huvumilia hasara hiyo kwa kuwa muktadha huliokoa. Neno linaloiga sauti halivumilii, maana sauti ndiyo mwili wake wote.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika makoloni ya Afrika ya Mashariki. Kamusi zilizofuata, hadi ile ya TUKI ya mwaka 1981 na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la mwaka 2010, zilikusanya mengi ya pwani. Sauti za Rungwe hazikuwa kazi yao. Zilibaki kazi ya bibi, na bibi hafundishi kwa karatasi. Mjukuu akihamia Mbeya au Dar es Salaam, akimlea mwanawe kwa Kiswahili peke yake, neno la *ikitabu* laweza kubaki kwa kuwa lafanana na kitabu. Mlio wa kigae kinachopasuka, au wa paka anayeruka kutoka darini, hauna pa kushika.

Mwaka huo huo wa 1928 serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi. Tarehe hizi mbili hazikupangwa pamoja, lakini zinakutana katika kilio cha paka. Mahali pengi Tanzania, paka akilia usiku juu ya paa, hasa kwa ile sauti ndefu ya majike na madume yanapotafutana, wako watakaosema kuna mauti yanakuja, au kuna mtu aliyejigeuza. Kwa Wanyakyusa wa zamani mnyama wa kutisha hakuwa huyu. Godfrey na Monica Wilson, walioishi Unyakyusa baina ya 1934 na 1938, waliandikishwa habari za chatu walioaminika kukaa matumboni mwa wachawi, na za walinzi wa kijiji waliowaona ndotoni. Hofu ya paka yaelekea kuwa mgeni wa baadaye huko, aliyeingia na Kiswahili, na barabara, na visa vya mjini. Hofu nazo husafiri kama maneno.

Lugha inashiriki katika hofu hiyo, na haifai kuionea haya kuitaja. Mfaransa akisikia paka juu ya paa, kitenzi chake humwambia ni paka. Msemaji wa Kiswahili au Kinyakyusa husema *analia*, na kitenzi hicho hicho ndicho cha matanga. Anasikia kilio kabla hajamsikia mnyama. Tena masikio yake hayamdanganyi kabisa. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa chuo kikuu cha Sussex walichunguza mkoromo wa paka wanaoomba chakula, wakakuta ndani yake kilio chembamba chenye kimo cha sauti kilicho karibu na kilio cha mtoto mchanga wa binadamu. Nicholas Nicastro wa Cornell, mwaka 2004, aliwasikilizisha watu sauti za paka wa nyumbani na za paka wa mwitu wa Afrika, nao wakaona zile za nyumbani zinapendeza zaidi. Paka wakubwa hawalii sana nyau wao kwa wao. Nyau ni lugha ya kumwambia mtu. Kwa maelfu ya miaka mnyama huyu amejifunza kulia kwa namna inayomgusa binadamu pale mtoto anapomgusa. Wabantu walipompa kitenzi cha mtoto walikuwa wamemsikia sawasawa.

Hatari huanza sentensi inapoendelea. Kutoka "paka analia" hadi "analia nyumbani kwa nani?" ni hatua moja, na swali la pili kwa desturi hutafuta mlango wa mjane, wa mwanamke mzee aishiye peke yake, ambaye paka ndiye mwenzake wa mwisho. Taarifa za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa mwaka 1995, zimeorodhesha mauaji ya wazee walioshukiwa uchawi katika mikoa kadhaa ya Tanzania. Sheria ya 1928 ingalipo vitabuni, nayo humwadhibu amtuhumuye mwenzake kwa uchawi kama inavyomwadhibu ajidaiye kuwa nao. Hufika kijijini kwa kuchelewa. Neno la jirani hufika usiku ule ule.

Na bibi huyo anayeogopwa, aghalabu, ndiye mtu wa mwisho ukoo mzima anayejua kuiga sauti za wanyama kwa Kinyakyusa chenye irabu zote saba. Wajukuu wakija likizo, mvua ikipiga migomba nje na chai ikichemka, humtaka asimulie. Husimulia. Paka wa hadithi akifika, bibi hasemi "paka akalia". Hukunja midomo, huanzia puani, hufungua, hufunga; na yule wa kweli, aliyejikunja kando ya meko, huinua masikio.